Ramu ya Mikupuo Midogo: Je, Bei Yake Ina Sababu?

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu anastaafu mwezi ujao, nami ningependa kumzawadia chupa ya ramu, kinywaji anachokipenda tangu ujana wake. Muuzaji amenionyesha ramu ambayo lebo yake inasema imetengenezwa na mafundi kwa mikupuo midogo, yaani kiasi kidogo kwa kila awamu, na bei yake ni mara nne ya ile tuliyoizoea. Mbele ina namba 20 iliyoandikwa kwa dhahabu. Je, bei hiyo ina msingi, au nitakuwa nimenunua maandishi?

JIBU: Ndugu msomaji, ramu inaweza kustahili bei kubwa, lakini sababu haimo katika udogo wa mkupuo. Maneno hayo hayana kipimo cha kisheria kinachotambulika kimataifa. Mtengenezaji mmoja humaanisha mapipa matatu, mwingine mia tatu.

Gharama ya kweli huanzia kwenye uchachushaji. Kiwanda kinachotafuta wingi huweza kuchachusha molasi, ile shira nzito inayobaki sukari ya miwa ikishatengenezwa, kwa siku moja au mbili tu, ilhali baadhi ya viwanda vya Jamaica huiacha kwa wiki moja au zaidi ili bakteria nao wafanye kazi yao, na asidi wanazozalisha ndizo zinazokuja kuleta ile harufu ya ndizi mbivu na nanasi ambayo wapenzi wa ramu huitafuta. Kisha huja mtambo wa kukenekea, yaani wa kuchemsha na kukusanya mvuke wa kilevi. Mtambo wa chungu hujazwa, huchemshwa, humwagwa na kujazwa upya, kazi inayokula muda na nishati, lakini huacha harufu nzito ndani ya kinywaji. Mtambo wa mnara hufanya kazi bila kukatizwa na unaweza kufikisha kilevi zaidi ya asilimia 90, ambapo sehemu kubwa ya harufu hizo huwa imeondolewa.

Kuna pia hasara ya pipa. Katika joto la Karibiani, ramu iliyolazwa kwenye pipa la mwaloni hupotea hewani kwa takriban asilimia 6 kila mwaka, wakati wiski ya Uskochi hupoteza karibu asilimia 2. Kwa kiwango hicho, baada ya miaka 12 pipa hubakiwa na chini ya nusu ya kilichomiminwa humo. Anayekuuzia ramu ya umri huo anakudai pia ile iliyokwisha kupotea, na mimi naliona dai hilo kuwa la haki.

Namba 20 ndiyo inayonitia shaka. Ikiwa haifuatwi na neno "miaka", huenda inataja umri wa tone kongwe kabisa katika mchanganyiko, au isitaje umri wowote. Kanuni za Jamaica hazina utata huo, kwani umri unaoandikwa ni wa ramu changa kuliko zote zilizomo. Kanuni hizo pia zinakataza kuongeza sukari, ilhali Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi gramu 20 kwa lita, na sukari ni njia rahisi ya kuifanya ramu changa ionekane laini na ya kale. Mtu mwenye haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika, anaweza kuigundua: sukari huongeza uzito wa kimiminika, hivyo kipimo huonyesha kilevi pungufu kuliko kile kilichoandikwa kwenye lebo.

Jambo jingine, wengi wanaojiita mafundi hununua ramu kutoka viwanda vikubwa na kuijaza tu kwenye chupa zao. Si kosa wakilisema wazi. Kuna wajazaji wanaochagua pipa moja kwa umakini wa kupigiwa mfano, wakaandika kiwanda, mwaka na aina ya mtambo. Asiyetaja lolote kati ya hayo hastahili malipo mara nne. Wala usidharau ukubwa: kampuni ya ramu ya Mount Gay ya Barbados, ambayo kumbukumbu zake zinarudi hadi mwaka 1703, si karakana ndogo, na bado huchanganya ramu za mitambo yote miwili kwa ustadi.

Kwa hiyo iache chupa hiyo ya dhahabu, isipokuwa muuzaji akuonyeshe kiwanda na umri wake. Kama shemeji yako hunywa ramu bila kuichanganya na chochote, mtafutie ya Jamaica au Barbados iliyoandikwa wazi miaka 8 hadi 12. Kama huichanganya na soda, mnunulie ile aliyoizoea, chupa mbili.