Mkono wa breki unafika hadi kwenye gripu

Kaka kama mkono wa breki ya mbele ya pikipiki unaingia mpaka karibu unagusa gripu (ile raba ya kushikia kwenye usukani) ndio breki ianze kushika, kwanza angalia breki yako ya mbele ni ya ngoma au ya diski, maana dawa zake tofauti kabisa.

Kama ni ya ngoma yenye waya, kaza ile nati ya marekebisho chini kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kidogo kidogo, mpaka ncha ya mkono icheze kama milimita 10 hadi 20 tu kabla breki haijaanza kushika. Halafu nyanyua tairi ulizungushe kwa mkono, likiwa zito au linakwaruza umekaza mno, legeza, ukiacha hivyo ngoma itachemka. Kile kirekebisho cha juu pale kwenye mkono ni cha kumalizia tu, watu wengi wanaanza na hicho kisha wanashangaa uzi wa skrubu yake umeisha. Ila ukikaza nati mpaka mwisho na bado mkono unaingia, basi shuu (vile vipande vinavyosugua ndani ya ngoma) zimekwisha, na waya uukague pia kama nyuzi zimeanza kukatika.

Ya diski haina nati ya kukaza. Ukipampu mara kadhaa mkono ukapanda na kuwa mgumu, hewa imeingia, toa hewa na ujaze oili ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha oili ya breki, sio oili ya injini jamani, inaharibu raba zote. Pedi nazo, vile vipande vinavyobana diski, zicheki.