Hakunitazama machoni wakati wa usaili: je, alikuwa anadanganya?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Ninasimamia timu ya watu walio nchi mbalimbali, na usaili wetu tunaufanya kwa video. Wiki iliyopita nilimsaili kijana mmoja kutoka bara jingine. Vyeti vyake ni vizuri, na kazi ya majaribio tuliyompa aliifanya kuwashinda wenzake wote. Lakini muda wote alikuwa akiangalia chini, kila nikimuuliza alinyamaza kwanza ndipo ajibu, na mara mbili alijigusa pua. Mwenzangu aliyesoma kozi ya lugha ya mwili anasema hizo ni dalili tatu za mtu mwongo, na kwamba mwili haudanganyi. Mimi najua tamaduni zinatofautiana. Je, ipo orodha ya kuaminika inayoonyesha maana ya kila ishara katika kila utamaduni, nisije nikamkosea mtu?

JIBU: Ndugu yangu, orodha hiyo haipo. Natangulia kusema hivyo kwa sababu katika maswali ninayopokea, hili ndilo linalorudi kuliko mengine yote, na karibu kila mara nyuma yake yupo mtu aliyetoka kwenye kozi ya siku mbili akiwa na cheti mkononi na dalili kumi za mwongo kichwani. Wewe umeuliza kabla ya kumkata kijana wa watu. Wengi huniandikia wakiwa wameshamkata.

La kamera tulimalize haraka. Kamera hukaa juu ya kioo, na uso wako unaonekana chini yake. Kwa hiyo mtu anayekutazama wewe machoni, kwako anaonekana anaangalia chini. Ili uridhike kwamba anakutazama, inabidi aache kukuona akodolee kile kitundu. Inawezekana kabisa kijana huyo alikutazama usaili mzima kwa adabu zote. Kunyamaza nako kuna sababu nyingi: sauti ya intaneti huchelewa, pengine anajibu kwa lugha yake ya tatu, na ziko jamii ambako kumrukia mtu na jibu kabla swali lake halijatulia ni utovu wa adabu. Pua huwasha.

Ninachotaka kukaa nacho ni ile kauli kwamba mwili haudanganyi, maana imewafikisha watu pabaya.

Bila shaka mwenzako alionyeshwa pia zile namba maarufu: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, mwili asilimia 55. Zinatokana na Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967. Katika mojawapo, watu walisikilizishwa neno moja tu, lenye maana ya "labda", likitamkwa kwa sauti tofauti huku wakionyeshwa picha za nyuso. Wakaulizwa: huyu anayesema, anampenda anayemwambia, hampendi, au hana habari naye? Basi. Hapakuwa na mazungumzo wala usaili, na hakuna tamaduni mbili zilizokutana pale. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake haitumiki pale mtu anapozungumza mambo yasiyo ya hisia na mitazamo. Hata hivyo namba hizo zimezungushwa kwenye semina kwa zaidi ya miaka hamsini kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Lau zingekuwa kweli, mkalimani angekuwa anapokea mshahara kwa kazi ya asilimia 7.

Sasa uongo. Mwaka 2003 Bella DePaulo na wenzake walikusanya dalili 158 zilizokuwa zimewahi kupimwa katika tafiti za watu wanaodanganya. Nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na uongo, au uhusiano wenyewe ulikuwa hafifu mno. Kukwepa macho kulikuwa miongoni mwa zisizo na kitu. Miaka mitatu baadaye yeye na Charles Bond walijumlisha tafiti ambazo ndani yake watu zaidi ya 24,000 walitakiwa kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya. Walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha sarafu unapata 50. Na wale waliokuwamo ambao kazi yao ni kuhoji watu, polisi kwa mfano, hawakuwapita raia wa kawaida.

Panaponitia uchungu ni hapa. Mwaka huohuo wa 2006, kundi la watafiti lilichapisha majibu ya watu wa nchi 58 waliokuwa wameulizwa swali moja: unamjuaje mtu anayedanganya? Jibu lililoongoza ni kwamba hatazami machoni. Nchi zisizofanana kwa lugha, dini wala malezi zimekutana kwenye kosa moja. Mtu aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa wake, ukimuuliza mwongo anajulikanaje, anaweza naye kukutajia macho. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuling'oa: halionekani kama imani ya watu fulani, linaonekana kama akili ya kawaida.

Gharama yake huwaangukia wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Aldert Vrij na Frans Willem Winkel, watafiti wa Uholanzi, walilinganisha Waholanzi weupe na watu wenye asili ya Suriname, koloni la zamani la Uholanzi huko Amerika Kusini, katika mahojiano ya kuigiza na polisi. Wenye asili ya Suriname walikwepa macho zaidi na kuchezesha mikono zaidi, wawe wanasema kweli au wanadanganya. Kisha waigizaji wakarekodiwa wakionyesha mienendo ya aina moja au nyingine, na askari polisi wakaonyeshwa video hizo. Aliyeonyesha mwenendo uliozoeleka kwa Wasuriname alionekana wa kutiliwa shaka zaidi. Soma tena sentensi hiyo. Askari hawakuwa wanaona hatia. Walikuwa wanaona ugeni, wakauita hatia.

Huko Australia mwanaisimu Diana Eades amefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hilihili kwa wenyeji asilia wanapokuwa mbele ya polisi na mahakama. Kimya kirefu kabla ya jibu, ambacho kwao ni nafasi ya kufikiri, kinasomwa kama kukwepa swali. Kutomkazia mtu macho, ambako ni heshima, kunasomwa kama kuficha jambo. Halafu ipo ile "ndiyo" inayotolewa mfululizo kwa mwenye mamlaka ili mahojiano yaishe kwa amani, ambayo wakili wa upande wa pili anaidaka kama kukiri. Mwaka 1992 Eades aliandika mwongozo kwa mawakili wa Queensland kuhusu mambo hayo. Hayo matatu ndiyo yanayompeleka mtu jela, na mawili kati yake umeyaandika wewe kwenye swali lako.

Nirudi kwenye orodha uliyoomba, maana hapo ndipo penye kiini cha utaalamu wenyewe. Ishara za mwili si za aina moja. Paul Ekman na Wallace Friesen waliliweka wazi hilo mwaka 1969. Kuna ishara zinazofanya kazi kama neno kamili: mtu anazifanya makusudi, jamii yake inazijua, na unaweza kuzitafsiri. Hizi ndizo zinazobadilika kutoka nchi hadi nchi, na hizi ndizo zinazoweza kuorodheshwa. Bulgaria watu hutikisa kichwa upande hadi upande wakimaanisha ndiyo. Ugiriki na Uturuki kichwa kikirushwa nyuma ni hapana. Hata ndani ya Italia moja, timu ya mtafiti Mwingereza Desmond Morris, iliyozunguka maeneo 40 ya nchi mbalimbali ikiuliza watu 1,200 kuhusu ishara 20, ilikuta kwamba hapana ya kurusha kichwa ni ya kusini, na mpaka wake unapita kati ya Roma na Napoli. Rais George H. W. Bush alipozuru Canberra mwaka 1992 aliinua vidole viwili kwa ushindi, kiganja kikiwa kimemwelekea yeye mwenyewe. Waaustralia waliona tusi.

Lakini angalia: ishara kama hizo hazikuambii tabia ya mtu. Ni msamiati tu. Ukiukosea, unaomba radhi na kuendelea.

Kando yake kuna yale ambayo binadamu tunashiriki. David Matsumoto na Bob Willingham walichunguza picha za wanajudo vipofu wa Michezo ya Walemavu ya Athens ya 2004. Waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kuona uso wa mtu, walionyesha furaha ya kushinda na uchungu wa kushindwa kwa misuli ileile ya uso inayotumiwa na wanaoona. Kwa hiyo anayesema kila kitu mwilini ni utamaduni naye amekosea. Kisha, na hili ndilo fungu kubwa kuliko yote, kuna mambo ambayo hayana kamusi popote duniani: kukunja mikono, kujigusa shingo, kujigusa pua, kuegemea nyuma, kutingisha mguu. Hayo yanaweza kutokana na baridi, kiti kibovu, mazoea ya tangu utotoni, hofu ya usaili, au bila sababu yoyote. Mganga wa lugha ya mwili huyachanganya mafungu yote matatu kwenye gunia moja, akachukua uhakika wa la kwanza, akaupaka la tatu, kisha akakuuzia mbuzi akiwa ndani ya gunia.

Naomba usije ukakimbilia kosa la pili, la kuwa na orodha ya mataifa: hawa husogea karibu, hawa hawatazami, hawa hutabasamu wakiwa na aibu. Agnieszka Sorokowska na wenzake walipima umbali ambao watu wanapenda kusimama na wengine katika nchi 42, kwa watu karibu 9,000, matokeo yakachapishwa 2017. Tofauti za nchi na nchi zilikuwapo kweli. Waargentina walikaribiana kuliko wengi. Lakini umri na jinsia navyo viliusogeza mstari: wanawake na watu wazima zaidi walitaka nafasi kubwa zaidi. Wastani wa nchi hauketi kwenye kiti mbele yako. Niliwahi kukaa kwenye jopo ambalo wajumbe wake walikuwa wamefundishwa, kwa nia njema kabisa, kwamba watu wa jamii fulani huinamisha macho. Akaingia mtu wa jamii hiyo akawatazama usoni na kujibu kwa kujiamini. Wawili waliandika kwenye fomu zao kwamba ni mjeuri. Kwa orodha ya kwanza angekatwa kwa kuinamisha macho, na kwa orodha ya pili alikatwa kwa kuyainua.

Kuhusu kijana wako, habari uliyo nayo ni kazi yake ya majaribio. Ukiwa na shaka kama aliifanya mwenyewe, shaka hiyo ina dawa: mwite tena, mwambie aifungue, akueleze kwa nini alichagua njia ile na si nyingine, kisha umwombe abadilishe sehemu moja ukiwa unaona. Aliyeifanya ataingia kwenye mambo madogomadogo ambayo wewe hukuyafikiria. Waulize wote maswali yaleyale, mwandike alama kabla hamjaanza kuzungumza ninyi kwa ninyi, na kwenye fomu pasiwe na mstari wa macho wala wa tabasamu.

Huyo mwenzako ananitia wasiwasi kuliko kijana, kwa sababu hayuko peke yake, na wenye fedha kuliko yeye wameanguka kwenye shimo hilohilo. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani iliweka maofisa viwanja vya ndege kusoma mienendo ya abiria na kuwatenga wenye dalili. Mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi ya serikali yao ilieleza kwamba tangu 2007 mpango huo ulikuwa umekula dola milioni 900 hivi, na kwamba ushahidi uliopo haukuonyesha kuwa dalili hizo zinaweza kumtambua mtu hatari. Ikapendekeza fedha zipunguzwe.

Siku hizi mganga huyohuyo anakuja akiwa amevaa programu. Inakodolea uso wa msailiwa na kutoa alama za uaminifu, shauku, utulivu. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi za nyuso na hisia wakakuta kwamba mtu aliyekasirika hukunja uso takriban mara 3 katika 10. Hizo mara 7 nyingine programu inasoma nini? Umoja wa Ulaya umeikataza akili mnemba inayokisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama, na katazo hilo limeanza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Kwingine kwingi hakuna katazo, na wauzaji wanalijua hilo.

Basi siku mtu akija kwenu na kozi au programu ya namna hiyo, msimuulize ana wateja wangapi. Mpeni video za watu 100 asiowajua, kutoka mabara matano, ambao ninyi mna uthibitisho nani alisema kweli na nani alidanganya, aandike majibu yake na kuyafunga kwenye bahasha kabla hamjamwambia lolote. Akikataa, au akianza kuwasimulia habari za mteja wake mmoja aliyefanikiwa sana, mwonyesheni mlango.