Kimo cha wingu la Mirihi kinajulikanaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesoma kwamba sayari ya Mirihi ina mawingu yanayofika kilomita 60 na zaidi kutoka ardhini. Sasa chombo kiko juu, kinaangalia chini. Kinajuaje wingu liko kimo gani? Na mvua je, inanyesha huko?
Msomaji, kidato cha tatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fundo liko kwenye hilo neno lako "chini". Chombo kikitazama chini wima, si rahisi kutenganisha wingu na ardhi iliyo nyuma yake. Ndiyo maana Mars Reconnaissance Orbiter, chombo cha Marekani kinachoizunguka Mirihi tangu 2006, kimebeba kifaa kiitwacho Mars Climate Sounder, ambacho kazi yake kubwa ni kutazama ubavuni, ukingoni mwa sayari, pale hewa inapopakana na giza la anga. Kinapima mnururisho wa joto wa hewa hiyo, tabaka kwa tabaka, hadi kilomita 80 hivi.

Utamu unaanzia hapo. Chombo kinakwenda, wingu liko palepale. Likiwa bado nyuma ya ukingo, linaonekana kama liko chini. Chombo kikizidi kusogea, linapanda. Likishapita ukingoni, linaanza kushuka tena. Vipimo hivyo ukivichora kwa kufuata muda, unapata upinde. Kilele chake ndicho kimo halisi cha wingu; miguu yake miwili ni kiinimacho tu.

Kompyuta zilipata taabu kuzitambua pinde hizo, basi mwaka 2022 NASA, shirika la Marekani la anga za juu, ikawaomba watu wa kawaida wazitie alama kupitia Zooniverse, tovuti ambako yeyote huwasaidia wanasayansi. Shahada haikudaiwa, jicho tu. Nawe unaweza kazi ya namna hiyo, usijidharau.

Mawingu haya wanayatafuta ya nini? Mawingu mengi ya Mirihi hayavuki kilomita 60, nayo ni barafu ya maji. Ya juu zaidi mara nyingi ni kaboni dayoksaidi iliyoganda. Gesi hiyo ni kama asilimia 95 ya hewa ya huko, kwa hiyo baridi ikikaribia nyuzi 170 chini ya sifuri, ni hewa yenyewe inayogeuka wingu! Na maji yakipanda juu sana, mwanga wa jua huyavunja, haidrojeni ikatorokea angani. Anayetaka kujua Mirihi ilikaukaje hawezi kuyapuuza mawingu haya.

Hata aliye kwenye ardhi ya Mirihi ana njia yake. Mwaka 2021 roboti Curiosity ilipiga picha mawingu yanayong'aa baada ya jua kuzama. Wingu likiendelea kuangazwa wakati ardhi imeshaingia gizani, ujue liko juu mno.

Mvua ya matone, hapana; hewa ni nyepesi kupita kiasi. Theluji ipo. Mwaka 2008 chombo Phoenix kiligundua theluji ya maji ikidondoka kutoka mawinguni, ikageuka mvuke kabla ya kutua. Ya kaboni dayoksaidi huanguka kwenye ncha za sayari majira ya baridi, na hiyo inafika chini.