Damu ya Upande wa Baba Yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema daktari anataka kujua kama mimi na bibi mzaa mama tulikuwa tukitoka damu nyingi mwezini kama wewe. Hapana. Siku zangu zilikuwa tatu, za mama yangu nne. Lakini swali hilo ni nusu. Mwambie aulize na kwa kina baba yako.

Jando la baba yako unalijua. Bibi mzaa baba alilisimulia kila Idi: mtoto alivuja damu siku mbili, ngariba akachanganyikiwa, na sisi tukacheka. Mwaka niliomzaa kaka yako, shangazi yako aling'olewa jino, nikalala naye chumba kimoja. Alfajiri mto wake nilikwenda kuukamua uani, maji yakawa mekundu mara tatu ndipo yakaanza kutakata. Bibi akaniambia, "Usishtuke, kwetu damu nyepesi." Nami nikalipokea neno hilo kama mtu anavyopokea mapishi ya ukweni. Mazoea yana taabu. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na mimi mwenyewe sikujisikia.

Ndiyo maana ulipokuwa kidato cha pili, ukarudi na sweta la mwalimu limefungwa kiunoni, sketi imelowa mpaka pindo, nilikuambia uvumilie, ndio ukubwa. Ulikuwa ukibadilisha pedi kila saa, unaamka usiku kutandika kanga upya. Siku nane. Mabonge makubwa kuliko sarafu. Zahanati wakakupa vidonge vya kuongeza damu, vikiisha wanakupa vingine. Hakuna aliyeuliza inakokwenda damu yenyewe. Nami sikuuliza.

Sasa nimesoma. Daktari mmoja wa Finland, Erik von Willebrand, aliandika mwaka 1926 habari za familia moja ya visiwa vya Åland. Binti yao alikufa akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Niliposoma hapo nilifunga simu, nikatoka nje. Ugonjwa ukabaki na jina la daktari huyo: protini inayosaidia damu kuganda inakuwa pungufu au haifanyi kazi sawasawa. Mara nyingi mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuurithi, wa kiume kwa wa kike. Mwanamume haingii mwezini, kwa hiyo kwake unajitokeza puani, kwenye jino, jandoni. Sisi tulikuwa tukitazama wanawake tu.

Sisemi ndio huo. Vipimo ndivyo vitakavyosema, na kimoja kikitoka safi usiridhike, maana kiwango cha protini hiyo hupanda na kushuka. Hata vidonge vya uzazi wa mpango na ujauzito hukipandisha. Inaweza pia kuwa uvimbe kwenye kizazi, nao huandama familia. Ila ukiniuliza mimi… basi, namwachia daktari. Wakati huohuo aspirini na diklofenaki usimeze bila kumwuliza, zinazidisha kuvuja. Umuulize pia kuhusu dawa za kusaidia damu kuganda siku hizo, zipo.

Na kosa ni la nani? Nilitaka kusema la bibi yako. Lakini yeye alizaa watoto saba, kila uzazi akivuja hata baada ya arobaini, na hakupata wa kumwambia kuwa si kawaida. Mimi je? Mimi nilikuwa na siku tatu zangu za kulinganisha. Nilijua damu ya kawaida ikoje. Mazoea yana taabu, mwanangu, lakini hayo hayakuwa mazoea yangu, yalikuwa ya watu, nikayavaa. Niache hapo.

Shangazi yako nimempigia jana. Amekubali kupimwa, kasema atakuandikia mwenyewe habari za uzazi wake wote, umpelekee daktari. Kaka yako ana miadi ya jino Jumatatu. Nimemwambia asikanyage huko mpaka majibu yako yatoke.

Mama yako