Nikipimwa kliniki mwili unakakamaa: ni woga tu?

Swali: Nilikeketwa Tarime nikiwa na miaka 11. Sasa naishi Mbagala, mimba yangu ina miezi saba. Nesi akitaka kunipima njia ya uzazi, miguu inajibana yenyewe, nakufa ganzi, naona kama si mimi niliyelala pale kitandani. Naambiwa niache woga. Nifanyeje?

Jibu: Dada, huo si woga wa kuambiwa "acha". Umelala chali, mapaja wazi, mtu ameshika chuma kinachong'aa: ubongo unaitambua hali hiyo kabla hujapata nafasi ya kufikiri, na mwili unajihami kama siku ile. Msichana aliyeshikiliwa asiweze kukimbia huganda. Ndiyo hiyo ganzi. Kama pia unaota tukio lile, unakwepa kliniki na kushtuka ovyo, na hali imepita mwezi, huenda ni msongo wa baada ya kiwewe, yaani akili kubaki na athari za tukio la kutisha. Tiba yake ipo.

Ila ukiguswa ukaumia, kovu likaguliwe kwanza. Linaweza kuwa na uvimbe au mshipa wa fahamu ulionasa, na hilo ushauri nasaha hauliondoi.

Ongea na nesi ukiwa bado umevaa nguo zako. Mwambie umekeketwa, kisha uliza kama kipimo cha ndani ni cha lazima. Mahudhurio mengi hayakihitaji. Kikihitajika, omba kulala ubavu, spekulamu (kile chuma cha kupanulia njia ya uzazi) ndogo, na mpatane alama: ukiinua mkono, anaacha papo hapo. Asikutanue magoti kwa nguvu. Hapo ndipo mambo huharibika.

Ukianza kupotea, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe hadi sita. Usiheme harakaharaka: kabonidayoksaidi ikipungua mwilini, midomo na vidole vinakufa ganzi, kizunguzungu kinakuja, nawe unadhani unazidiwa.

Omba rufaa ya afya ya akili. Muhimbili wana idara hiyo. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe huchukua mara nyingi vikao 8 hadi 12. Anayetaka usimulie yote siku ya kwanza ana haraka. Ufundishwe kwanza kujituliza. Dawa za usingizi za kujinunulia dukani, usiguse.

Anza sasa. Kwenye uchungu, mlango wa kizazi hupimwa takriban kila saa nne, pengine na mtu usiyemjua. Mliyopatana yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, na atakayekusindikiza ayajue.