Jibu: Piano ya duka la babu, tujuaje ya mwaka gani?

Waalaykum salaam yakhe. Nimekufahamu, duka la babu Mji Mkongwe lishafungwa zamani, imebaki piano yenye jina la duka kwenye kifuniko na nyinyi mnataka kujua duka lilianza lini.

Kwanza hilo jina lisikutie mbioni, maduka mengi yalikuwa yanaagiza piano kiwandani halafu yanabandika jina lao, kwa hiyo aliyeuza si lazima ndo aliyetengeneza. Fungua kifuniko cha juu, chukua tochi, tafuta namba kwenye lile fremu la chuma ama ubao wa pembeni. Viwanda vikubwa kama Steinway orodha za namba na miaka zimo mtandaoni. Halafu muite fundi achomoe kibao cha kwanza kushoto, vile vya kubonyeza kwa vidole, mafundi wa zamani wakiandika tarehe pale ubavuni kwa penseli, ya kwetu tuliikuta hivo hivo imefifia, na msipanguse kwa kitambaa kibichi jamani!

Lakini namba itakupa umri wa piano tu, duka ni kitu chengine. Hapo nenda Nyaraka Kilimani, pale zinapohifadhiwa kumbukumbu za zamani za Zanzibar, uulizie gazeti la serikali, lilianza 1892 na matangazo ya wafanyabiashara yalikuwa yakitoka humo. Chukua na risiti zozote za babu, zenye anwani ndo bora. Maneno ya wazee sikiliza ila usiandike kabla hujapata karatasi, maana kila ukoo hapa duka lao ni la tangu enzi za Sultani Barghash 😄