Malkia anashuka melini, hao wa majini ni nani?

SWALI: Mhariri habari za huko. Mimi niko na saluni hapa Busia, kwa ukuta nimebandika picha ya kalenda ya zamani, malkia mzungu anashuka kwa meli, chini kuna wanawake wanene uchi wanashika kamba na mzee wa ndevu, juu kuna mtu anaruka anapuliza tarumbeta mbili. Kasitoma mmoja mlokole kasema hao ni majini nitoe haraka. Nauliza tu, hii kitu ilitokea kweli ama?
Mama Saluni, Busia

JIBU: Mama Saluni usitoe, ilitokea nusu. Huyo ni Marie de' Medici wa Florence kule Italia, kweli alifika Marseille mwezi wa 11 mwaka 1600 kama mke wa mfalme wa Ufaransa Henri IV, ila bwana mwenyewe hakuwepo bandarini, na hata harusi ilishafungwa Florence bila yeye, mtu mwingine kasimama kwa niaba yake! Sasa mchoraji Rubens afanyeje, bibi harusi anafika mume hayupo, hiyo hata Busia watu wangesema. Ndio akajaza hiyo nafasi na mafumbo. Yule wa kofia ya chuma na joho la bluu lenye maua ya dhahabu anayempokea ni Ufaransa yenyewe, nchi imefanywa mtu. Wa tarumbeta ni Sifa. Mzee ni Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, na hao wanawake ni watu wake wanafunga kamba meli itulie. Ukishangaa, toa sarafu mfukoni uangalie nembo yetu ya Uganda, swala na korongo wanalinda ngao, nani kawahi kuona hivyo porini?

Ila uliza nani alilipa. Ni Marie mwenyewe, 1622, picha 24 za jumba lake la Luxembourg pale Paris, na wakati huo mume alishauawa tangu 1610, yeye akashika nchi kwa ajili ya mtoto wake Louis XIII, halafu 1617 mtoto huyo huyo akamtoa Paris. Walipatana baadaye lakini mambo bado ya moto. Rubens akachora hata siku ya kufukuzwa, ikakataliwa, basi 1625 akaweka nyingine pale pale: Marie kwenye kiti cha enzi kashika mizani ya haki, miungu imemzunguka, neema tupu. Yaani pale ukweli ulipouma ndipo mafumbo yalizidi, na mi naona huo ndio ujanja wenyewe, mfalme akikasirika unamwambia ah, hiyo ni Haki tu mkuu.

Haikumsaidia sana, 1631 alikimbia Ufaransa, akafia Cologne, Ujerumani, 1642. Picha zenyewe ziko Louvre, makumbusho ya Paris, yako ya meli ina urefu karibu mita 4, saluni ingejaa.

Na huo unene sio fumbo, Rubens alipenda tu kuwachora hivyo.